Sindano Saba za Bi Razia

Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Daftari hili ni la ukuta. Mimi nimo kwa sababu ukuta hauwezi kushika kalamu.

Leo asubuhi, kabla sijaenda kazini, alikuja mkaguzi wa majengo, Bwana Benard, kijana mwenye viatu vya mvua na adabu nyingi. Wiki jana mvua iliangusha nyumba kuukuu mtaa wa pili, na sasa wanazikagua zote. Alisimama ngazini, kati ya ghorofa ya chini anakokaa Bi Razia mwenye nyumba, na ya juu ninakopanga mimi. Akaupitishia ufa wa ukutani kidole, kutoka dirishani mpaka darini.

"Maji ya mvua yameingia kwenye msingi," akasema. "Kona inazama. Nyumba hii haitamaliza msimu."

Bi Razia alikuwa chini ya ngazi, ameshikilia ukuta. "Mwanangu, mimi nimezaliwa chumba hicho hapo. Ufa huo naujua tangu usichana wangu."

"Ulikuwa mpana hivi, mama?"

Bi Razia akaupapasa ukuta. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na huu ni mwaka wa pili haoni hata ukuta wenyewe, sembuse ufa.

Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia, "Bwana Benard, ufa umeuona mara moja tu. Utajuaje kama unakua?" Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia naitwa Sidi, mtunza maabara katika shule moja ya wasichana huko Kizingo, na kwa miaka minane nimewaona wanafunzi wakipata sifuri kwa kupima kitu mara moja na kutia jibu. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Amenipa mpaka Jumanne, tarehe 6 Januari. Nikimwonyesha kwa vipimo kwamba ufa haukui, au nikimwonyesha unakuzwa na nini, ataandika hivyo. Nikishindwa, sote tutahama na nyumba itabomolewa.

Bi Razia ana miaka sabini na minne. Hajawahi kulala nyumba nyingine ila alipokwenda kuhiji.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimechora misalaba miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa. Kutoka msalaba hadi msalaba ni milimita hamsini kamili. Juu yake nimegandisha kwa saruji kipande cha kioo chembamba cha maabara. Ukuta ukisogea, kioo kitavunjika. Nitapima kila jioni nikitoka kazini.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Hamsini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Hamsini na nusu? Mwanga mbaya.

Jumapili, 26 Oktoba

Kaizar amekuja, mwana wa Bi Razia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anakaa Kizingo, kule ambako watu hupanda gari hata wakienda kununua mkate. Amemwandalia mamake chumba chenye dirisha la bustani. Mama hataki.

"Ukuta ukikuangukia je?"

"Utaniangukia nyumbani kwangu."

Alipotoka alisimama ngazini akautazama ufa, kisha akaitazama misalaba yangu. "Dada Sidi, hii michoro itamzuilia nini mamangu?" Nikapanda zangu juu. Nafikiri anataka kuuza kiwanja, na mkaguzi amemrahisishia kazi.

Jumatatu, 3 Novemba

Imenyesha siku tatu bila kupumzika. Barabara ya Makupa ni mto, wanafunzi nusu hawakufika. Niliporudi kioo kilikuwa kimevunjika katikati, safi, kama kimekatwa.

Hamsini na moja.

Nimechora grafu. Mvua kwa rangi ya buluu, ufa kwa nyekundu. Mistari inapanda pamoja na kushuka pamoja, mmoja nyuma ya mwenzake. Mkaguzi alisema mvua, na grafu yangu inasema mvua. Sikupenda hata kidogo, lakini nimeiandika.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua. Hamsini na nusu. Unajifunga tena, ewe ufa mzee.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo lazima niandike jambo la aibu.

Rula ilisoma kati ya hamsini na moja na hamsini na moja unusu. Nikaandika hamsini na moja. Kisha nikarudi nyuma kurasa zote. Kila mahali palipokuwa na shaka nimeandika namba ndogo. Mara tisa! Hata mara moja sikukosea kwa upande wa pili. Ningemshika mwanafunzi na daftari kama hili ningemrudisha apime upya kila kitu, na maneno makali juu yake.

Nampenda Bi Razia. Nilipofika hapa mwaka wa themanini na tisa, msichana wa Kaloleni na sanduku moja, yeye ndiye aliyenifundisha njia za mtaa na kunitumia vyakula vya sikukuu huku juu. Na kwa mapenzi hayo nimekuwa nikimpimia ukuta salama wakati huenda ukuta unakuja kumwua. Jicho langu linataka kitu, na mkono unaliandikia.

Nahitaji mtu wa kupima ambaye hatazami grafu.

Jumapili, 16 Novemba

Nilishuka nikamweleza yote, pamoja na aibu. Alinisikiliza huku akishona lesi kwenye rida, vazi la stara la mjukuu wake. Hashoni kwa macho siku hizi, anashona kwa vidole, na mshono wake bado unanyooka kuliko wangu.

"Wapima kwa nini?"

"Kwa rula, Bi Razia."

"Rula!" Akacheka mpaka akaweka kitambaa chini. "Beti, binti yangu, rula ni ya kupimia meza. Ngoja."

Akafungua kipande cha flana alichokikunja. Ndani mna sindano saba zimepangwa, kutoka ya kushonea magunia mpaka ya kutungia shanga, nyembamba kama unywele. Akapanda ngazi kwa kuhesabu vidato, akapapasa ufa mpaka juu unakokuwa mwembamba, akaanza kuingiza moja moja. "Hii haingii. Hii haingii. Hii yaingia, lakini kwa kusukumwa. Hii yaenda yenyewe."

Nimeziandika moja hadi saba, moja ndiyo nene. Leo ya nne imeingia yenyewe. Nilijaribu na rula mahali pale pale, sikuweza kusoma kitu. Mimi niliyesomea kupima nimekuja kusaidiwa na flana ya sindano.

Tumepatana hivi: yeye atapima kila jioni na kunitajia namba, mimi nitaandika bila kutia neno. Hataambiwa grafu inasema nini.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Ya nne.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Ya tatu.

Alhamisi, 27 Novemba

Jua kali siku mbili. Ya tatu. Ajabu. Labda Bi Razia amechoka.

Jumatano, 10 Desemba

Jirani yetu wa mbele, Mahfudha, ameniona na Bi Razia tumeinama ukutani. "Shoga, mwaudunga sindano ukuta? Una homa?" Nikamwambia ndiyo, na daktari wake ni kipofu. Bi Razia ndiye aliyecheka zaidi.

Ya tano.

Alhamisi, 18 Desemba

Jua. Ya tatu. Nakwenda Kaloleni kumtazama mama. Narudi Jumatatu.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimerudi nikakuta nyumba nyeupe.

Ukuta wote wa ngazi umepigwa lipu mpya ya chokaa na kupakwa. Hakuna misalaba. Hakuna kioo. Ufa umezibwa kabisa, hata ukipitisha kidole huupati. Miezi miwili ya kazi imelala chini ya chokaa.

Nilitoka na begi langu bado mkononi mpaka dukani kwa Kaizar. Sikumsalimu. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba amefuta ushahidi ili nyumba ibomolewe auze kiwanja. Akaweka kalamu chini taratibu.

"Dada Sidi, mimi sijatuma mtu."

"Nani basi?"

"Muulize mamangu."

Nilimkuta Bi Razia ameketi, mikono mapajani, ananingoja. "Ni mimi," akasema. "Nilimwita Chengo mwashi. Ramadhani yaja, beti. Toka nizaliwe nyumba hii haijaingia Ramadhani bila chokaa. Nilimwambia azunguke alama zako. Kumbe hakuziona, zilikuwa za penseli."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Kila mwaka wanaziba ufa kwa chokaa, na kila mwaka unarudi, na kila mwaka mwashi anasema ni mpya. Ndiyo maana hakuna mtu anayejua ulianza kupanuka lini. Nimelia kidogo ngazini, kisha nimekwenda kuomba radhi dukani. Kaizar alinipa chai. Zimebaki wiki mbili.

Sitaacha. Nitaanza upya kesho.

Jumanne, 23 Desemba

Mvua kubwa. Lipu nzima.

Paani nimeona Chengo alivyoacha mambo. Aliutoa mlizamu, lile bomba linaloleta maji ya paa kwenye tangi letu la huko juu, ili chokaa isiingie, akamwaga tangi lote, na akaenda zake Ganze kwa Krismasi bila kurudisha. Nitarudisha mvua ikipungua.

Jumatano, 24 Desemba

Mvua. Nzima.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kutoka kanisani nimerudi na viatu mkononi. Maji yamefika kizingiti cha Mahfudha. Hii ni mvua kubwa kuliko ya tarehe tatu Novemba, iliyovunja kioo changu.

Lipu nzima. Nimeikagua kwa tochi na kwa miwani. Hakuna hata unywele. Sielewi.

Ijumaa, 26 Desemba

Mvua. Nzima. Sielewi, naandika tu.

Jumamosi, 27 Desemba

Leo mvua imeacha. Jua tangu asubuhi. Bi Razia anaanza kufunga Jumatatu na alitaka maji ya kutosha, mabomba ya mji yamekauka kama kawaida hata mji ukielea. Nimemwita Dzoro muuza maji. Alisimamisha mkokoteni wake mlangoni, akapanda na mitungi safari baada ya safari mpaka tangi likajaa. Saa nane mchana alimaliza. Mimi nilikaa nikapika.

Saa kumi nilishuka kuazima chumvi. Pale ngazini, kwenye lipu nyeupe iliyovumilia siku nne za gharika, pana mstari. Mwembamba, mweusi, kutoka dirishani mpaka darini. Siku ya jua!

Nimekaa kwenye kidato na sijui nilikaa muda gani. Chumvi niliisahau.

Tangi ni langu. Mwaka wa tisini na nne mabomba yalipokauka wiki tano, mimi ndiye niliyelinunua, mimi ndiye niliyemwambia Chengo aliweke pale pale konani chini ya mlizamu ili mvua ilijaze bure. Mtaa mzima ulinisifu. Lita elfu moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, hili nimelisema kwa wasichana mara ngapi? Nimeweka tani nzima juu ya kona ya nyumba ya miaka mia, na miezi miwili nimepima kila kitu ndani ya nyumba hii ila tangi langu mwenyewe.

Mvua ikinyesha, tangi linajaa. Mvua na tangi zilitembea pamoja kila siku, na mimi nikaona moja tu, kwa sababu moja ndiyo niliyokuwa nikiitazama. Chengo alipoutoa mlizamu alizitenganisha bila kujua.

Nimefungua daftari nikatafuta siku za jua ambazo sindano nene iliingia. Tarehe 27 Novemba. Tarehe 18 Desemba. Zote Alhamisi. Dzoro hutuletea maji Alhamisi. Jibu lilikuwa humu ndani na nilimsingizia kikongwe uchovu.

Lakini nimeshajidanganya mara tisa. Siamini kitu nilichokiona mara moja.

Jumatatu, 29 Desemba

Leo ni siku ya kupiga kura. Nimepiga, kidole kina wino. Kisha nimeanza jaribio.

Nimeweka karatasi sita kwenye kopo la maziwa. Tatu zimeandikwa "maji", tatu "hewa". Kila asubuhi natoa moja. Ikiwa maji, Dzoro anajaza tangi na bilula imefungwa. Ikiwa hewa, Dzoro anapanda vilevile, kwa mitungi ile ile na kelele zile zile, lakini bilula iko wazi na maji yanashuka yote kwenye mapipa ya Mahfudha. Bi Razia chini anasikia mamoja tu. Jioni anapima. Amejichimbia tundu la sindano kwenye lipu, pale pale penye ufa, kwa kibanio cha nywele.

"Usinambie watafuta nini," amesema. "Nikijua ntakusaidia."

Yeye amefunga leo. Mahfudha alisimama mlangoni kwake akashangaa. "Mwafungaje na mwezi haujaonekana?"

"Kwa madhehebu yetu mwezi ni wa hesabu, mwanangu. Ilipigwa zamani na wenye kujua. Na kwa macho haya, nikingoja kuuona mwezi ntafunga lini?"

"Sisi jicho kwanza."

"Basi keshokutwa jicho lako litanifuata."

Karatasi: hewa. Sindano: ya sita.

Jumanne, 30 Desemba

Maji. Ya tatu.

Mahfudha ameuona mwezi katikati ya mawingu, amepiga kelele mpaka mtaa wa pili.

Jumatano, 31 Desemba

Maji. Ya tatu.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Hewa. Mvua ya kutosha kuzamisha punda. Ya sita.

Ijumaa, 2 Januari

Hewa. Ya sita. Mahfudha anauliza jaribio litaendelea mpaka lini, mapipa yake yamejaa na ameanza kuosha hata mazulia.

Jumamosi, 3 Januari

Maji. Ya tatu.

Mara sita, na mara sita mkono wa Bi Razia umesema ukweli bila kuujua. Nikamwambia yote. Nikamwambia ni tangi, na tangi ni langu. Alizikunja sindano katika flana.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nikikoga kwa maji yako."

"Ndiyo, Bi Razia."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Basi katika kosa hili tu wawili," akasema.

Jumatatu, 5 Januari

Chengo amerudi. Alipanda paani akabandua kipande cha saruji chini ya tangi, akaniita. Ncha ya boriti imeliwa na mchwa na maji. Kila tangi likijaa boriti inalala na kuusukuma ukuta nje, likiisha inarudi. "Dada, hata jiwe lisingevumilia," akasema. "Nami ndiye niliyeliweka." Akavua kofia.

Kaizar alikuja na watu wanne wa dukani kulishusha. Walipomaliza alibaki nami ngazini, akigusa lipu.

"Miezi hii yote nilikuwa napita hapa alfajiri kabla sijafungua duka," akasema. "Sikuingia. Nilisimama nisikie akikohoa, nijue bado yu hai, kisha nende zangu."

Mimi niliandika humu kwamba anataka kuuza kiwanja. Neno hilo silifuti. Naliacha lisomeke, na chini yake naandika kwamba nilikosea.

Jumanne, 6 Januari

Bwana Benard amekaa saa nzima na daftari hili. Amesoma yote, hata kurasa za aibu, hata alivyoitwa kijana. Alipofika kwenye karatasi za kopo alimwita Bi Razia, akamwomba ampimie mbele yake. Mvua ilikuwa inamwagika. Tangi liko chini uani. Sindano ya sita.

"Mvua hii yote," akasema. "Na mimi niliandika msingi."

"Hata mimi niliandika mvua," nikamwambia. "Ukurasa wa tatu."

Akachukua fomu yake. "Chanzo: tangi la maji juu ya paa. Lilikuwa la nani?"

Kaizar, aliyekuja kusikia uamuzi, akasema upesi, "La nyumba." Bi Razia akasema, "Langu mimi." Wote wawili kwa pamoja, na hawakuwa wamepatana.

Ningeweza kunyamaza. Fomu hiyo itawekwa kwenye faili, na mwenye tangi ndiye mwenye kosa. Lakini nimejifunza namba zangu huelekea upande gani zinapokuwa na shaka.

"Langu," nikasema. "Sidi, ghorofa ya juu. Andika."

Akaandika. Kubomoa kumesimamishwa. Boriti ibadilishwe mwezi huu, kwa gharama zangu, na Chengo anadai nusu ni yake. Sindano ziendelee mpaka mwisho wa masika, na mwezi wa Juni nimpelekee daftari. Ufa ukikua tena, tutahama bila maneno. Nimekubali. Ni sharti la haki.

Jumapili, 18 Januari

Mvua tangu alfajiri. Bi Razia alipanda kabla ya kufuturu, akihesabu vidato kwa sauti. Niligeuka nikatazama dirishani, kama tulivyopatana, nisione mkono wake.

"Ya tano haingii. Ya sita yaenda yenyewe. Umeandika?"

Nimeandika. Kisha nimeshuka uani na ndoo, nimeteka maji kwenye tangi langu, nimeyapandisha mwenyewe. Kilo kumi na tano kila safari. Nimezipima.